Punje Zilizoungua: Safari Yangu ya Pemba

Mimi ni Bwana Shamba. Kituo changu kipo Magoma, wilaya ya Korogwe, mkoa wa Tanga. Magoma ipo katika bonde la Lwengera, na ukisimama hapa unaiona milima ya Usambara. Wananchi wa hapa wanalima mahindi, mpunga na maharage. Mashamba ya mkonge nayo yapo.

Siku moja alikuja kijana wa chuo kikuu. Alikuwa na barua na daftari. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza maswali. Je, unalima nini? Je, baba yako alilima nini? Mvua ilikuwaje zamani? Watu walimjibu vizuri. Akina mama walimpikia. Baada ya wiki mbili aliaga akaenda zake.

Jioni ile mzee mmoja alinijia. Aliniuliza, "Bwana Shamba, hawa watu wa utafiti wanakuja, wanauliza, wanaandika, wanaondoka. Sisi tunabaki na nini?"

Nilitaka kumjibu, lakini sikuwa na jibu. Nilimwambia, "Mzee, nipe muda."

Miezi michache baadaye nilipata likizo. Dada yangu ameolewa Pemba, katika mji wa Chake Chake. Nikaamua kwenda kumtazama. Swali la mzee nikalibeba pamoja na mizigo yangu.

KUVUKA BAHARI

Nilipanda gari Magoma hadi Korogwe. Kutoka Korogwe nilikwenda Tanga kwa basi, nikipita Muheza. Tanga nilipanda meli. Bahari ilichafuka kidogo, na abiria wengi walilala chini. Mimi mtu wa bondeni nilishika chuma cha meli nikanyamaza.

Abiria mmoja aliniambia, "Hapa tulipo maji ni ya kina kirefu sana." Alisema kweli. Bahari kati ya Tanga na Pemba mahali pengine ina kina kinachopita mita 700. Bahari kati ya Unguja na bara si ya kina hivyo.

Jambo hili lina maana kubwa. Wataalamu wa ardhi wanasema kwamba zamani maji ya bahari yalikuwa chini kuliko sasa. Wakati huo Unguja ilikuwa imeungana na bara. Wanyama wa bara walitembea kwa miguu hadi huko. Kiasi cha miaka 10,000 iliyopita maji yalipanda, Unguja ikawa kisiwa. Ndiyo sababu Unguja ilikuwa na chui. Pemba ilitengana na bara zamani zaidi, miaka mingi sana kabla ya hapo. Kwa hiyo chui wa porini hawakuwako Pemba. Lakini Pemba ina viumbe wake wa pekee. Wako ndege wa aina nne ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Mmoja wao ni njiwa wa kijani anayeitwa ninga. Tena yuko popo mkubwa wa Pemba. Huyo nitamweleza mbele.

KISIWA CHA VILIMA NA MABONDE

Watu wengi wa bara wanadhani kisiwa ni mchanga na minazi tu. Pemba sivyo. Pemba ina vilima vingi na mabonde mengi. Urefu wake ni kiasi cha kilometa 67. Juu ya vilima kuna mikarafuu. Katika mabonde kuna mpunga. Niliona mabonde yale nikakumbuka nyumbani Magoma.

Nilifika wakati wa msimu wa karafuu. Kila ua lilikuwa na majamvi, na juu ya majamvi zimeanikwa karafuu. Asubuhi ni za kijani na nyekundu kidogo. Zikikauka zinakuwa rangi ya kahawia. Harufu yake inajaa barabarani. Mvua ikitishia, watoto na watu wazima wanakimbia kuzianua. Hakuna anayengoja kuambiwa.

Mkarafuu si mti wa asili wa Pemba. Asili yake ni visiwa vya mbali vya Asia, ambavyo sasa ni sehemu ya Indonesia. Uliletwa Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1800. Mashamba makubwa yalikuwa ya matajiri, na kazi ilifanywa na watumwa. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kilipiga Unguja na kuangusha mikarafuu mingi. Pemba haikuumia sana. Tangu hapo Pemba ikawa ndiyo shamba kubwa la karafuu. Mwaka 1897 utumwa ulipigwa marufuku kisheria. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, Serikali iliyachukua mashamba makubwa. Wakulima wakagawiwa eka tatu tatu.

Habari hizi tunazijua kwa sababu wapo watu waliozitafuta. Mmoja wao ni Profesa Abdul Sheriff, mwanahistoria wa Zanzibar. Alisoma barua za kale na hesabu za biashara, akaandika kitabu juu ya watumwa, karafuu na pembe za ndovu. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1987.

PUNJE ZILIZOUNGUA

Jirani wa shemeji yangu ni mwalimu wa historia. Aliposikia kwamba mimi ni Bwana Shamba, alicheka. Aliniambia, "Basi nikupeleke mahali pa kilimo cha kale."

Tulipanda gari kwenda kaskazini, kijiji cha Tumbe. Ni kijiji kikubwa cha wavuvi. Karibu yake, mwendo wa miguu tu, kuna magofu ya Chwaka. Niliona kuta za msikiti wa mawe. Miti imeota pembeni, na ng'ombe walikuwa wakila majani.

Mwalimu alinieleza hivi. Zamani watu walichimba na kuangalia nyumba za mawe tu. Waliona kwamba historia ni ya wafalme na matajiri. Lakini katika miaka ya 2000 walikuja wataalamu wengine wa kuchimba vitu vya kale. Waliongozwa na Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher kutoka Marekani. Hawa walisema, "Tutachimba pia nyumba za udongo. Tunataka kujua watu wa kawaida waliishije."

Waligundua kwamba Tumbe ulikuwa mji mkubwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Watu walijenga kwa miti na udongo. Walivua samaki. Walitengeneza shanga kwa kusugua makombe ya pwani. Vyombo vya udongo kutoka nchi za mbali vilifika kwao kwa njia ya bahari. Baadaye mji wa Tumbe ulihamwa. Baada ya muda ulianza mji wa Chwaka karibu yake, na ukakaa hadi kiasi cha mwaka 1500.

Sasa sikiliza jambo lililonishika mimi. Mtaalamu mmoja aitwaye Sarah Walshaw alitafuta chakula chao. Je, utapataje chakula cha miaka 1,000? Njia yake ni rahisi. Hata wewe unaweza kuielewa bila shida.

Mpishi anapopika, punje chache huanguka motoni. Zinaungua zinakuwa mkaa. Punje iliyo mkaa haiozi na wadudu hawaili. Inakaa ardhini miaka na miaka. Mtaalamu anachukua udongo wa mahali penye jiko la kale. Anaumimina katika maji. Udongo na mchanga vinazama. Punje zilizoungua ni nyepesi, zinaelea. Anazikusanya kwa kitambaa chembamba na kuzianika kivulini. Kisha anazitazama kwa chombo cha kukuzia, moja moja.

Alipata nini? Katika udongo wa Tumbe, mji wa kwanza, nafaka iliyoonekana kwa wingi ilikuwa uwele. Mtama nao ulikuwako. Mpunga ulikuwa kidogo. Katika udongo wa Chwaka, mji wa baadaye, mpunga ulikuwa mwingi kuliko uwele. Maana yake ni kwamba watu wa Pemba walibadili kilimo chao. Waliacha uwele wakashika mpunga.

Kwa nini walibadili? Mpunga una kazi nyingi kuliko uwele. Unataka maji, unataka palizi, unataka kufukuza ndege. Wataalamu wanafikiri kwamba wali ulikuwa chakula cha heshima na cha karamu. Mji ulipokua na misikiti ikajengwa, watu walialikana, na mgeni alipikiwa wali. Hata leo katika harusi zetu hatupiki uwele. Tunapika wali.

Nilikaa juu ya jiwe nikafikiri. Hakuna mfalme aliyeandika jambo hili. Hakuna kitabu cha kale kinacholieleza. Limeandikwa na akina mama waliomwaga punje motoni bila kujua.

KOSA LANGU LA HANDENI

Ndugu msomaji, hapa sina budi kukueleza jambo langu mwenyewe.

Kituo changu cha kwanza cha kazi kilikuwa katika wilaya ya Handeni. Nilikuwa kijana, cheti changu bado kipya. Katika kijiji kile alikuwako mzee mmoja aliyelima mtama. Mbegu yake alirithi kwa mama yake. Masuke yake aliyaning'iniza juu ya jiko ili moshi uzuie wadudu. Mimi nilimwambia mbele ya watu, "Mzee, mtama huu ni wa kizamani. Mazao yake ni madogo na ndege wanaumaliza. Panda mahindi." Mzee alinitazama tu. Lakini wanawe walinisikiliza. Shamba lote likapandwa mahindi.

Mwaka wa kwanza mavuno yalikuwa mazuri. Mwaka wa pili mazuri pia. Mwaka wa tatu mvua ilikatika mapema. Mahindi yalikauka yakiwa yamefika kiunoni. Nyumba ile ililala njaa. Mzee hakunilaumu hata siku moja. Aliniambia neno moja tu. "Mwanangu, ungeniuliza kwanza."

Pale Chwaka nilimkumbuka mzee yule. Mtaalamu ametoka nchi ya mbali, akapiga magoti katika udongo, akatafuta punje ya mtama na uwele kama dhahabu. Mimi nilikuwa na mbegu hai mkononi, na mwenye mbegu yuko hai mbele yangu. Sikumwuliza hata swali moja.

POPO WA KIDIKE

Siku nyingine shemeji alinipeleka Kidike. Ni kijiji kati ya Chake Chake na Wete. Tulipokaribia tulisikia kelele kama za soko. Nilitazama juu ya miti. Matawi yalikuwa yamejaa popo wakubwa, wananing'inia vichwa chini. Popo hawa wana kichwa chekundu kama cha mbweha. Mabawa yakikunjuliwa yanaweza kufika mita moja na nusu. Hawa ndio popo wa Pemba. Hawapatikani mahali pengine duniani.

Mwenyeji wetu pale alituambia, "Babu yangu aliwala, baba yangu aliwala, na mimi niliwala. Nyama yake ni tamu."

Watu waliwawinda kwa bunduki na kwa nyavu. Misitu nayo ilikatwa kwa ajili ya mikarafuu na mashamba. Mwisho wa miaka ya 1980 wataalamu waliwahesabu. Waliona wamebaki elfu chache tu. Mwaka 1996 popo wa Pemba aliandikwa katika orodha ya wanyama walio karibu kabisa kutoweka duniani.

Wataalamu wangeweza kuandika habari hiyo katika vitabu vyao na kwenda zao. Lakini safari hii walirudi vijijini. Watu wa idara ya misitu ya Zanzibar, wakisaidiwa na shirika la Fauna & Flora International, walikaa na wananchi. Waliwaeleza walichokiona. Popo huyu hula matunda usiku, kisha huruka mbali. Mbegu huanguka njiani, na miti huota. Popo anapanda msitu bila jembe. Tena waliwaambia, "Mkiwamaliza ninyi, hakuna nchi nyingine ya kuazima mbegu."

Wananchi waliunda vikundi vya kulinda popo. Walikatazana wenyewe kuwinda. Walipanda miti. Walijifunza kuhesabu popo, wakaandika hesabu zao wenyewe. Katika miaka ya 2000 popo walihesabiwa tena, wakaonekana kiasi cha 20,000. Idadi iliongezeka mara nyingi katika muda usiofika miaka 20. Katika orodha ile popo wa Pemba akaondolewa kati ya walio hatarini zaidi. Hapo Kidike wageni hulipa kiingilio kuwaona popo, na fedha hizo husaidia kijiji.

Nilimwuliza mwenyeji wetu, "Je, hukuona uchungu kuacha kitoweo?"

Alijibu, "Nilikiona. Lakini nilipowahesabu mwenyewe nikaona kweli wamekwisha. Jambo ulilolihesabu mwenyewe huwezi kulibishia."

Maneno hayo niliyaandika katika daftari langu. Nilihisi kwamba nimeanza kupata jibu la mzee wa Magoma.

MAMBO MENGINE NILIYOYASIKIA

Kaskazini mwa Pemba uko msitu wa Ngezi. Ni msitu wa asili uliohifadhiwa tangu mwaka 1959. Ndani yake umo mpapindi, mti wa jamii ya minazi ambao asili yake ni Pemba tu. Wataalamu wa miti wameona kwamba Ngezi ina miti inayoonekana pia katika misitu yenye mvua nyingi ya Usambara Mashariki. Basi msitu wa kule na mlima wetu wa hapa ni ndugu.

Magharibi ya Chake Chake kiko kisiwa kidogo cha Misali. Wavuvi wengi hukitegemea. Mwaka 1998 kiliwekwa chini ya hifadhi. Wataalamu walipoona wavuvi hawasikii maneno ya vitabu vya sayansi peke yake, walizungumza na masheikh. Masheikh wakafundisha kwamba dini inamtaka mtu awe mlinzi wa viumbe, asiwe mharibifu. Somo likaeleweka kwa sababu lilisemwa kwa maneno ya wenyewe.

Na huko Mtambwe Mkuu, karibu na Wete, mwaka 1984 zilipatikana sarafu zaidi ya 2,000 za kale. Nyingi zilikuwa za fedha, ndogo kama kucha. Zilipigwa kwa majina ya watawala wa pwani hii hii. Kumbe watu wetu walikuwa na sarafu zao karibu miaka 1,000 iliyopita.

NILIPORUDI NYUMBANI

Kabla ya kufika Magoma nilipita Handeni. Nilitaka mbegu ya mtama ya yule mzee. Nilikuta mzee amekwisha kufariki. Nilimpata binti yake. Nilimwuliza habari za mbegu. Aliniambia, "Tulipojenga nyumba ya bati hatukuwa na jiko la moshi tena. Masuke yaliliwa na wadudu. Hatuna hata punje." Niliuliza nyumba nyingine kumi. Sikuipata.

Nilirudi Magoma nikanunua daftari. Sasa kila Ijumaa jioni ninakwenda kwa mzee mmoja au bibi mmoja. Ninaamkia, ninakaa, ninauliza. Mpunga wa aina gani ulilimwa bondeni zamani? Jina lake nani? Ulivumilia nini, ukame au mafuriko? Mto ulipita wapi kabla haujahama? Mti gani ulikuwapo ukatoweka? Ninaandika jina la aliyenieleza. Mwisho wa mwezi ninasoma maandishi hayo mbele ya mkutano wa kijiji. Wazee wananisahihisha. Vijana wanacheka, kisha wanauliza maswali.

Mama mmoja ameleta kibuyu chenye mbegu ya mpunga wa zamani. Tumeipanda katika shamba dogo la majaribio kando ya mpunga wa kisasa. Mimi sisemi kwamba mbegu ya zamani ni bora. Wala sisemi kwamba mbegu ya kisasa ni mbaya. Ninasema tuzijaribu zote mbili na tuzipime. Tukishapima tutajua.

Yule mzee aliyeniuliza nilimpa jibu langu. Nilimwambia, "Mzee, utafiti ni kama karafuu. Ukichumwa na kuachwa juu ya jamvi la mtu mwingine, wewe unabaki na harufu tu. Lazima udai urudi nyumbani."

Mzee alisema, "Basi mwite yule kijana arudi."

Nilimwandikia barua. Kijana amejibu. Amesema atakuja baada ya mavuno, atusomee alichoandika.

MTAFITI AKIJA KIJIJINI KWENU

Wananchi, fanyeni mambo haya:

1. Mpokeeni vizuri. Mwulizeni jina lake, chuo chake na barua yake ya ruhusa. Barua ipitie ofisi ya kijiji.

2. Mwulizeni anatafuta nini, na kwa faida ya nani.

3. Semeni kweli. Msimwambie yale mnayodhani anataka kuyasikia.

4. Mtoeni kijana mmoja anayejua kusoma na kuandika afuatane naye ajifunze kazi.

5. Kabla hajaondoka mwulizeni, "Utaturudishia majibu lini, na kwa lugha gani?" Jibu lake liandikwe katika kitabu cha kijiji.

6. Msingoje mtafiti. Anzeni daftari lenu. Wewe uliyejifunza kusoma na kuandika una chombo kile kile alicho nacho yeye.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

Je, kijijini kwenu kuna mbegu gani ya zamani iliyopotea? Nani alikuwa wa mwisho kuipanda?

Je, ni mzee gani anayejua mambo ambayo hayajaandikwa? Utakwenda kwake lini?

Mimi nilichelewa Handeni. Wewe usichelewe.